Pickering na Rangel: soma mkataba kabla ya kuhesabu dola

Maswali mengi safari hii yanahusu Pickering na Rangel, programu mbili za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zinazofadhili masomo ya uzamili na kuwaandaa wahitimu wa vyuo kuwa maofisa wa kidiplomasia. Zote zimekuwa zikiendeshwa na Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa insha, soma tangazo la mwaka huu, si chapisho la zamani ulilorushiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Nina grini kadi na uraia uko njiani. Naweza kuomba?

Hapana. Ni raia wa Marekani tu. Swali hili linarudi kila mara, ilhali jibu liko mstari wa kwanza wa masharti.

Nimeshaanza mwaka wa kwanza wa uzamili. Bado nina nafasi?

Umechelewa. Wanachukua wanaotarajia kuanza, na maombi hufungwa msimu wa vuli wa mwaka unaotangulia.

Wanatoa kiasi gani, na ni bure kabisa?

Kiwango kinachojulikana ni hadi dola 42,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili: hadi 24,000 za ada na 18,000 za chumba, chakula na vitabu. Tazama hilo neno "hadi". Ada ya vyuo vingi binafsi inapita 24,000 kwa mbali, na pengo ni lako. Vyuo kadhaa huwaongezea felo (waliochaguliwa kwenye programu) msaada wao wenyewe, lakini si vyote. Ulizia ofisi ya udahili, upate jibu kwa maandishi kabla hujalipa amana ya kushikilia nafasi. Ombi la chuo nalo ni lako, unalituma sambamba na la ufadhili, kwa sababu kuchaguliwa kuwa felo hakukupi udahili popote.

Kuhusu "bure": unasaini kuitumikia serikali ya Marekani miaka isiyopungua mitano kama ofisa wa kidiplomasia. Ukiacha katikati, au ukashindwa kukamilisha masharti ya kuingia kazini, unaweza kudaiwa pesa hizo. Huu ni mkataba wa ajira uliotanguliziwa karo. Kama lengo lako ni digrii tu, tafuta ufadhili mwingine na umwachie nafasi anayeitaka kazi yenyewe.

Tofauti ya Pickering na Rangel ni nini hasa?

Mafunzo ya vitendo ya kiangazi cha kwanza. Felo wa Rangel huenda kufanya kazi Bungeni, kwa mbunge au kamati; wa Pickering huwa Wizarani. Kiangazi cha pili wote hupelekwa ubalozi au konseli (ubalozi mdogo) nje ya nchi. Mengine karibu yanalingana, pamoja na wastani wa alama usiopungua 3.2.

Naweza kutumia pesa hizo kusomea sheria?

Hapana. Chagua uzamili wa miaka miwili unaohusiana na kazi: mambo ya kimataifa, sera za umma, utawala, uchumi, biashara, lugha.

Wazazi na ndugu zangu wako Kenya na Tanzania. Upekuzi wa kiusalama wa kabla ya kuajiriwa utanikwamisha?

Kuwa na ndugu nje si kosa. Kinachoangusha watu ni kuficha. Fomu ya upekuzi, SF-86, inataka makazi na kazi zako za miaka 10 iliyopita, safari za nje za miaka 7, ndugu wa karibu popote walipo, marafiki wa kigeni mnaowasiliana kwa ukaribu, madeni na dawa za kulevya. Anza daftari leo: tarehe za kila safari, anwani za kila chumba ulichopanga, na jina la mtu aliyekufahamu pale. Shangazi anayekutumia pesa, au unayemtumia wewe, mwandike. Wakimgundua wenyewe, tatizo halitakuwa tena shangazi, bali uaminifu wako, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Na bangi: hata kama jimbo lako linairuhusu, sheria ya shirikisho inaikataza, na upekuzi huu ni wa shirikisho. Acha sasa, na ukiulizwa sema kweli.

Kuna mtu anadai dola 300 "anipitishe". Ni kweli?

Tapeli. Usimpe hata pasipoti yako aipige picha.

Kiswahili changu kitanipeleka Dar es Salaam au Nairobi?

Usikitegemee kwa hilo. Lugha ya kigeni si sharti la kuchaguliwa, na ofisa anayehitaji Kiswahili anaweza kufundishwa na Wizara. Kozi yake imepangiwa takriban wiki 36. Vituo viwili vya kwanza unapangiwa na Wizara. Unatoa mapendekezo yako, wao ndio wanaoamua, na karibu kila ofisa mpya hupitia kazi ya kikonseli, ambayo mara nyingi ni kukaa dirishani ukihoji waombaji viza mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Kama hilo linakuchosha hata kulisoma, fikiri tena kabla ya kusaini.