Jibu: Kuku kwenye bustani ya sukuma wiki

Ndugu, umeuliza kama kuku watamaliza sota, wale viwavi wanaokata miche yako. Watawamaliza, ila angalia unawaingiza lini. Waingize kabla hujapanda: pindua udongo kwa jembe asubuhi, kisha wafungulie. Wangu huchakura mara mbili, hurudi nyuma hatua moja, halafu hudonoa kiwavi mnene aliyejikunja kama pete. Raha kuwatazama!

Ukishahamishia miche, watoe kabisa, wataifukua yote. Hapo tafuta bata wawili watatu. Wao hawachakuri, na konokono ndio kitoweo chao, hasa baada ya mvua. Wachunge tu, majani laini ya saladi hawayaachi.

Na kama umepulizia dawa karibuni, tafadhali usiwafungulie. Watakula wadudu wenye sumu, na mayai yao ndiyo wanayokula watoto wako.