Mashine ya santuri: nibadili sindano au ninunue nyingine?

SWALI: Mashine yangu ya santuri nimekaa nayo miaka kibao, siku hizi sauti inakwaruza, hasa nyimbo za mwisho za kila upande. Rafiki yangu ananiambia nitupe ninunue mpya. Nifanyeje?

JIBU: Usitupe kwanza ndugu yangu. Kukwaruza mwishoni mwa upande mara nyingi ni sindano imechoka au katriji (kile kidude kinachoshika sindano) imefungwa vibaya, maana kule karibu na katikati mawimbi ya sauti yamebanana zaidi na sindano mbovu inashindwa kuyafuata. Sindano nyingi za almasi zinachoka kati ya saa 500 na 1000 hivi, na ikichoka inakula santuri zako, hiyo ndo hasara yenyewe. Kwa hiyo anza na sindano mpya, halafu pima uzito inaokandamiza, katriji nyingi zinataka kama gramu 2 ila fuata maelezo ya mtengenezaji. Kama sauti inayumba kama mlevi basi angalia mkanda unaozungusha sahani ya santuri, huo hata usikuumize kichwa.

Mie ningeachana nayo kama beringi za mkono unaobeba katriji zimelegea, au ni zile za kisanduku zenye spika humohumo na katriji isiyobadilika. Hizo hata ukizipamba vipi, wapi!