Siasa za ofisini: kuziweza na kuzitaka ni mambo mawili

Ndugu uliyeuliza kwa nini mwenzako anayekunywa chai na bosi amepandishwa cheo na wewe mchapakazi umeachwa: mimi niko hapa Mombasa, mwaka wa tisa huu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na jibu langu huenda likakuudhi.

Mwaka 1983 Henry Mintzberg, msomi wa Kanada, alisema siasa za kazini zataka nia na ustadi. Mimi nia nilikuwa nayo tele. Siku moja nikasimama mkutanoni na karatasi yangu: makontena 11 yaliyotozwa demareji, yaani ada ya kukawia bandarini, mwezi ule kwa sababu hati zililala kwenye meza ya mkuu wa nyaraka. Hesabu ilikuwa sawa hadi senti. Nikamtaja mbele ya mkurugenzi. Mzee wa watu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, asiseme neno. Hoja yangu ikafia pale pale, na kwa miezi minne mafaili yangu ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kuguswa.

Mwaka uliofuata hoja ile ile ikapita. Aliyeipitisha ni dada mmoja wa uhasibu. Alimwendea mzee asubuhi na mahamri, wakailalamikia kwanza feri ya Likoni, ndipo akazitoa ankara. "Mzee wangu, hizi zatutia aibu sote. Wewe waonaje?" Mzee akazibeba mwenyewe hadi kwa mkurugenzi.

Gerald Ferris na wenzake huko Marekani walitoa dodoso la maswali 18 mwaka 2005 la kupima ustadi huu: kuwasoma watu, kuwashawishi, kujenga mahusiano, na kuonekana mkweli. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mahamri ya mtu ambaye hajawahi kukuletea mahamri hujulikana siku hiyo hiyo yana nini ndani. Dada yule alikuwa akileta tangu zamani, hata alipokuwa hana haja na mtu.

Lakini nafasi ya ukuu wa kitengo ilipotangazwa, hakuomba. Nikamuuliza mbona. "Mimi saa kumi na moja nataka niwe kwangu," akasema, akafunga droo. Ustadi anao, nia hana, na hana kinyongo na yeyote.

Sasa wewe, hiyo chai ya bosi, umenyimwa au hujawahi kwenda?