Jina lako CRB na nyumba unayoitaka

Mwanangu mpenzi,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Benki imekunyima mkopo wa nyumba kwa sababu mshahara wa 38,000 hautoshi, tena jina lako liko CRB, ile ofisi inayoweka rekodi za wanaokopa, kwa lile deni la mkopo wa simu. Unaniuliza kama ndiyo basi.

Si basi, mama. Lakini usikimbilie benki nyingine mwezi huu. Maliza kwanza lile deni pamoja na riba yake, na uliowalipa wakuandikie kwamba umemaliza. Kisha omba ripoti yako CRB. Moja kwa mwaka ni bure. Isome mstari kwa mstari, na ukiona kosa lipinge, ni haki yako. Historia ya kuchelewa kulipa hubaki hadi miaka 5 baada ya kumaliza deni. Kwa hiyo anayekuahidi kulifuta jina lako kwa elfu tano ni mwizi. Nakusihi usimpe hata shilingi.

Kuhusu mshahara, sheria ya ajira hapa Kenya inataka ubaki na theluthi moja baada ya makato yote. Kwako ni kama 12,700. Kila kimkopo unachokatwa leo kinakula nafasi ya nyumba.

Mimi ningeingia sacco, chama cha akiba na mikopo. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na pale wanaokudhamini ni watu wanaokujua. Hapo ndipo penye uzito. Unakumbuka mwaka ule tulipokula sukuma wiki bila nyama karibu kila siku? Nilikuwa nimemdhamini mwalimu mwenzangu, akahama, akaacha kulipa. Miezi 11 nilifungua hati ya mshahara nikaona 3,400 zimeondoka kwa deni nisilolila. Baada ya hapo sikumtilia mtu sahihi kabla sijamwona akiweka akiba yake kila mwezi bila kuruka. Nawe wenzako watakutazama hivyohivyo, kwa hiyo anza hata na 2,000.

Uliza pia kama sacco hiyo inapata fedha za KMRC, kampuni inayotoa fedha za mikopo ya nyumba. KMRC haimkopeshi mtu moja kwa moja, ila benki na sacco inazozipa fedha hukopesha za nyumba kwa riba isiyofika asilimia 10.

Ripoti ikitoka nitumie picha yake. Jumapili nitakupigia baada ya ibada tuisome pamoja.

Mama yako