Kijana kakamatwa Ijumaa jioni: saa zinahesabiwa vipi, na upekuzi wa usiku unakubalika?

SWALI: Assalaam aleikum wakili. Mwanangu ana miaka 23, anaendesha bodaboda, kijiwe chao kipo karibu na uwanja wa Mkwakwani. Ijumaa saa 11 jioni askari wawili waliovaa kiraia walimkamata, wakasema kanunua simu ya wizi. Saa 2 usiku wakaja naye nyumbani Makorora, wakapekua vyumba vyote, wakaondoka na simu tatu, yangu ikiwemo, na pikipiki. Karatasi hatukuonyeshwa wala hatukuachiwa. Jumamosi saa 4 asubuhi akaandikishwa maelezo, anasema alitia saini bila kusomewa. Jumapili jioni akatoka kwa dhamana baada ya sisi kutoa shilingi 150,000, risiti hakuna. Watu wa mtaani wanasema saa 24 zilishapita kwa hiyo kesi imekufa. Ni kweli? Na simu zetu tutazipataje?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Waaleikumu salaam, mama. Kesi haijafa, na anayewaambia hivyo anawalaza usingizi. Ila katika hayo uliyoyaeleza kuna mambo mawili ya kumsaidia sana kijana, na yote mawili hayahusiani na hizo saa 24.

Nimalize kwanza la saa 24. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hakisemi mtu aachiwe huru saa hizo zikitimia. (Namba ninazotaja ni za toleo la 2022. Katika toleo la 2023 baadhi zimesogea, kwa hiyo tafuta maudhui, usishikilie namba.) Kinasema hivi: aliyekamatwa bila hati ya kukamata kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo lazima alichunguze suala lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa akiona kosa ni zito. Akiendelea kumshikilia, amfikishe mahakamani mapema iwezekanavyo. Simu ya wizi si mauaji wala unyang'anyi wa kutumia silaha. Kijana alistahili dhamana Jumamosi jioni, akaipata Jumapili. Kuna kasoro hapo, mnaweza kuilalamikia, lakini haifuti shtaka. Angekaa siku nyingi bila kufikishwa popote, mngeomba Mahakama Kuu, ambayo Kanda yake ipo hapo hapo Tanga, iamuru aletwe mbele yake.

Sasa tuje kwenye maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikishwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kujibu, maana kesi nyingi za namna hii zinabebwa na karatasi hiyo moja. Kifungu cha 50 kinampa askari saa 4 za kumhoji mtuhumiwa, na zinaanza pale alipowekwa chini ya ulinzi. Watu wengi, hata baadhi ya askari, huhesabu tangu alipoandikwa kwenye kitabu cha mahabusu. Sivyo. Kijana alishikwa kijiweni saa 11 jioni, basi saa 4 zinaisha saa 3 usiku. Kifungu cha 51 kinaruhusu kuongeza hadi saa 8 nyingine kabla zile za kwanza hazijaisha, kwa uamuzi wa msimamizi wa upelelezi, na nyongeza hiyo itajwe wazi. Hata mkimpa zote hizo, mwisho ni saa 11 alfajiri ya Jumamosi. Yeye kaandikishwa saa 4 asubuhi.

Upande wa mashtaka watasema muda fulani hauhesabiwi, na kweli upo: muda wa kumsafirisha kwenda kituoni kwa ajili ya upelelezi, au wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeombwa. Kutoka Mkwakwani hadi kituo chochote cha mjini Tanga si safari ya kula saa tano. Safari ya Makorora wanaweza kuitaja pia, lakini lazima waseme ilichukua muda gani na kwa nini. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa kwenye kumbukumbu maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza wala maelezo ya kuridhisha. Usichukulie kwamba ni lazima iwe hivyo kila mara, kwa sababu kifungu cha 169 kinampa hakimu nafasi ya kupima kabla ya kuukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu.

Kuna na hilo la kutosomewa. Kabla ya kuhoji, askari anatakiwa ataje jina na cheo chake, aeleze kosa, na amwonye kwamba halazimiki kujibu. Akimaliza kuandika, ampe mtuhumiwa asome au amsomee, amuulize kama kuna la kurekebisha, ndipo saini. Kijana pia alikuwa na haki ya kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Je, aliomba? Muulize leo, aandike alimwambia nani na saa ngapi.

Hapa ndipo watu wanapopoteza. Siku shahidi wa polisi atakapotaka kuyatoa hayo maelezo kama kielelezo, hakimu atamgeukia mshtakiwa: una pingamizi? Asiye na wakili, kwa woga au kwa kutoelewa, hujibu "sina", karatasi inapokelewa, inasomwa kwa sauti mbele ya mahakama, na kuanzia hapo kupambana nayo ni kama kuteka maji kwa pakacha. Kijana ajibu wakati huo huo: napinga, yamechukuliwa nje ya muda, na sikusomewa. Kama kuna kipigo au vitisho, akiseme hapo hapo. Akingoja hadi zamu yake ya kujitetea, au rufaa, kwa sehemu kubwa amechelewa.

Upekuzi. Si lazima hati itoke kwa hakimu. Mkuu wa kituo anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari wake kibali cha maandishi chini ya kifungu cha 38. Lakini kazi ya hati ya upekuzi ni kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Saa 2 usiku jua la Tanga limeshazama zamani. Bila kibali, polisi wanabaki na kifungu cha 42, kile cha dharura: wawe na sababu ya msingi ya kuamini kitu kingepotea au kuharibiwa, na hali iwe ya haraka kiasi cha kutoweza kungoja. Mtu alishakuwa mikononi mwao tangu saa 11 jioni. Saa tatu nzima zinatosha kuandika kibali cha mistari mitano, na hilo ndilo swali la kumuuliza askari kizimbani.

Zito zaidi ni karatasi ambayo hamkuachiwa. Kinapochukuliwa kitu, anayekichukua lazima atoe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au aliyekuwepo, na saini za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Kwa kawaida huitwa mwenyekiti wa mtaa, mjumbe au jirani. Kwa nini ina uzito? Kesi ya kukutwa na mali ya wizi inasimama kwa kuonyesha kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa, mlalamikaji kaitambua pasipo shaka, iliibwa karibuni, na ndiyo hiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Simu zilichukuliwa tatu. Ipi ilikutwa chumba cha nani? "Tecno nyeusi" zipo maelfu mjini. Kinachotofautisha ni namba ya IMEI, tarakimu 15, unayoiona ukibonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Stakabadhi isiyo na namba hiyo ni dhaifu, na stakabadhi isiyokuwepo kabisa inamwachia wakili mlango wazi.

Kuzirudisha: mwandikie barua mkuu wa kituo, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, ukieleza siku, saa na kilichochukuliwa. Ambatanisha nakala ya risiti ya dukani au picha ya boksi la simu lenye IMEI, na kwa pikipiki nakala ya kadi ya usajili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Simu yako isiyohusika na kosa haina sababu ya kulala stoo. Ikiwa kesi imeshafunguliwa na kitu kimefanywa kielelezo, ombi linapelekwa kwa hakimu.

Ile 150,000. Dhamana ya polisi haina ada. Mdhamini anasaini ahadi ya kulipa kiasi fulani mtuhumiwa asipotokea, na hadi hapo hatoi senti; anachohitaji ni kitambulisho, mara nyingi cha NIDA, na pengine barua ya serikali ya mtaa. (Barua hiyo ifuateni siku ya kazi. Wengi hukwama wikiendi kwa sababu ya barua tu.) TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Lakini sheria ya rushwa ya 2007 inamgusa mtoaji pia, kwa hiyo zungumza na wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kupiga, mjue mtaieleza vipi kwamba mlidaiwa.

Kijana asikose hata siku moja ya kuripoti kituoni. Tangu mabadiliko ya 2022, kesi nyingi zisizo nzito hazitakiwi kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, kwa hiyo anaweza kuripoti wiki kadhaa bila kupelekwa mahakamani. Inachosha, ila akikosa mara moja mdhamini anatafutwa na yeye anarudi ndani.

Usiku wa leo chukueni daftari. Kila aliyekuwepo aandike peke yake, bila kunakili kwa mwenzake: saa aliyoshikwa na nani alishuhudia pale kijiweni, saa waliyoingia nyumbani, walikuwa wangapi, taa zilikuwa zimewashwa, mjumbe aliitwa au hakuitwa, kila simu ilitolewa wapi. Tieni tarehe na saini, mtunzieni wakili.