Sentensi isiyo na chanzo haina mtetezi

Walimu wengi hapa Dar es Salaam huwakataza wanafunzi kutumia Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, kwa sababu kila mtu anaweza kuiandika. Ni kweli, na ndivyo ilivyo tangu Januari 2001. Mimi huchangia ile ya Kiswahili, na ninachowaambia wanaoanza ni kimoja: kabla ya kuhifadhi ulichoandika, jiulize msomaji akitaka kuhakiki sentensi yako ataenda wapi.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja ataandika kilianzishwa 1961, mwingine atamfutia na kuweka 1970, na wote wana hoja. Mwaka 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kikasimama chenyewe. Andika hatua zote tatu, kila moja na chanzo chake, na hakutakuwa na cha kugombania. Takwimu nazo zipe mwaka: "Dar es Salaam ina watu milioni tano" huchakaa, lakini "sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728" haichakai.

Kinachonisumbua zaidi ni chanzo cha mzunguko. Mtu anaandika jambo bila ushahidi, tovuti ya habari inalinakili, kisha mchangiaji mwingine anaileta tovuti hiyo kama ushahidi. Uongo umepata cheti! Nimewahi kufuatilia habari za mtaa mmoja wa hapa mjini nikakuta "chanzo" kina maneno yale yale ya makala, hadi kosa la tahajia. Kukinasa chanzo cha aina hiyo si kazi ngumu. Fungua historia ya ukurasa, tafuta tarehe sentensi hiyo ilipoingizwa, ilinganishe na tarehe ya habari unayopewa. Kama ya kwetu ndiyo iliyotangulia, chanzo hicho kiondoe, hata kama kimetoka kwenye jina kubwa.

Na chanzo si lazima kiwe cha mtandaoni. Historia yetu nyingi imo kwenye karatasi: vitabu, ripoti za serikali, magazeti ya zamani kama Ngurumo na Uhuru. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, andika jina la chapisho, tarehe na ukurasa. Inatosha kabisa, kwa sababu mwingine anaweza kwenda kulitafuta.

Wanaotafsiri kutoka Kiingereza nawasihi wafungue marejeo kabla ya kuyahamisha. Kuhamisha marejeo usiyoyasoma ni kumdhamini mtu usiyemjua. Makala ya kampuni yako au ya bosi wako usiiandike. Pendekeza kwenye ukurasa wa Majadiliano ulioambatana na makala, useme wazi wewe ni nani.

Kwa watu walio hai, usiwe na subira. Mwaka 2005 Wikipedia ya Kiingereza ilimsingizia mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler kwamba alishukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John F. Kennedy, na maneno hayo yakakaa miezi zaidi ya minne. Ukikuta tuhuma ya aina hiyo juu ya mtu yeyote, haina chanzo, iondoe kwanza, kisha ueleze kwenye Majadiliano kwa nini umeiondoa. Aliyeiweka ndiye mwenye jukumu la kuleta ushahidi.