Nani Kamla Bata Wako? Soma Alama Kabla ya Kushika Nyundo

Ukikuta bata amekufa asubuhi, usimwondoe kwanza. Usifagie manyoya wala usiruhusu mtu kukanyagakanyaga pale. Dakika kumi za kuangalia kwa utulivu zina faida kuliko wiki nzima ya kukisia, kwa sababu kila adui ana namna yake ya kuua na njia yake ya kuingia, na kinga inayomzuia mmoja haimsumbui mwingine. Kuna wafugaji wanaopandisha ua baada ya hasara, kumbe mwizi alipita chini. Wengine humtegea paka wa jirani, huku panya akiendelea kumaliza vifaranga.

Anza na manyoya. Okota unyoya mmoja mkubwa wa bawa au wa mkia, uutazame kwenye shina. Shina likiwa zima mpaka kwenye ncha, limeng'olewa, na hiyo ndiyo kazi ya ndege mla nyama: mwewe au kipanga hunyonyoa kabla ya kula, na manyoya hubaki yametawanyika mahali pamoja kama mto wa kulalia uliopasuka. Shina likiwa limekatika au kutafunwa, na manyoya yameshikamana kwa mate, aliyekula ana meno.

Kisha tazama mwili. Bata kadhaa waliokufa, wameng'atwang'atwa mgongoni na mapajani lakini hawakuliwa, ni dalili ya mbwa. Mbwa huua kwa kuchezea na kufukuza, na mara nyingi ni mbwa anayefahamika kabisa hapo mtaani, mpole kwa watu. Kicheche naye anaweza kuua wengi kwa usiku mmoja, lakini majeraha yake ni madogo, yamekusanyika shingoni na nyuma ya kichwa. Kichwa kikiwa hakipo na mwili umeachwa, fikiria bundi au kicheche. Ila mwili ukiwa umelala ubavuni mwa wavu, basi inawezekana kabisa kwamba bata alivutwa kichwa kupitia matundu na hakuna kilichoingia ndani. Bata aliyetoweka mzima, pakabaki manyoya mawili matatu, amebebwa na mnyama mwenye nguvu: mbweha, mbwa, au paka pori. Na mtu pia huiba bata, hivyo kagua komeo kabla ya kumlaumu mnyama.

Mayai yana lugha yake. Nyoka na kenge huyameza mazima bila kuacha ganda. Kunguru hutoboa au huondoka nalo mdomoni. Panya huguguna ukingo na kuburura maganda mpaka pembeni, karibu na shimo lake. Nguchiro hulitupa yai kwa nyuma, kati ya miguu yake, likapasuke kwenye jiwe au ukuta, kwa hiyo maganda yaliyopasukia sehemu moja ngumu yanamtaja yeye.

Saa nayo ni ushahidi. Mwewe na kunguru hawashambulii usiku. Bundi na kicheche ni wa giza. Nguchiro wengi hutembea mchana. Kama bado una shaka, mwaga mchanga laini au majivu kuzunguka banda, upana wa nusu mita, usawazishe jioni, usome alfajiri. Unyayo wa mbwa una vidole vinne na alama za kucha. Wa paka ni wa mviringo, vidole vinne, kucha hazionekani. Wa kicheche una vidole vitano. Fanya hivyo usiku ule ule, maana aliyefanikiwa jana atarudi, na mara nyingi harudi baada ya mwezi bali ndani ya siku chache.

Sasa banda. Bata ana udhaifu ambao kuku hana: kwa kawaida hulala chini badala ya kupanda juu ya fito, na mara nyingi haingii ndani mwenyewe giza likianza. Lazima aingizwe. Hasara nyingi tunazozijua hazikutokana na banda bovu. Zilitokea jioni moja ambayo mtu alichelewa. Funga kabla jua halijazama kabisa. Wazoeze kwa kuwapa chakula kidogo ndani ya banda kila siku saa ile ile, na baada ya wiki mbili hivi watakuwa wanakusubiri mlangoni.

Wavu wa kuku, ule mwembamba wa matundu yenye pembe sita, unamzuia bata asitoke. Haumzuii mbwa asiingie. Anaupasua kwa meno, na ukipata kutu hata paka anaulegeza. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, yaani milimita 13 hivi. Kama shida ni nyoka wadogo, shuka hadi milimita 6. Ukiona ni gharama kuzungusha wote, weka huo wa matundu madogo kwenye sentimita 60 za chini na kwenye madirisha yote. Ufunge upande wa nje wa fremu, ili mnyama akisukuma aubane kwenye mbao badala ya kuung'oa. Usitegemee pini za stepla. Hung'oka kwa kuvutwa mara moja. Weka skrubu na washa pana (kibati cha mviringo chenye tundu katikati) kila baada ya sentimita 10, au bana ukingo wote kwa ubao mwembamba.

Wanaochimba hawahitaji ukuta mrefu chini ya ardhi. Laza wavu chini kuelekea nje, upana wa sentimita 45 hadi 60, uunganishe vizuri na ukuta wa banda, uubane kwa vigingi na kuufunika kwa udongo au mawe. Mbweha na mbwa huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Wakikutana na waya hawafikirii kurudi nyuma nusu mita.

Mlango uwe na komeo na karabina (pete ya chuma yenye kifungo cha springi) au kufuli juu yake. Ndoano moja tupu huinuka mlango ukitikiswa. Halafu fanya jaribio hili usiku: washa tochi kali ndani ya banda, funga kila kitu, zunguka nje. Kila mwanga unapochungulia ni mlango wa mtu fulani. Tundu linaloingia kidole gumba linampitisha panya mdogo, na lenye sentimita 2.5 linatosha kicheche. Usizibe matundu ya hewa ya juu, kwa kuwa bata hutoa unyevu mwingi; yafunike kwa wavu tu.

Chakula kisilale bandani. Punje zilizobaki huleta panya, panya huleta nyoka na kicheche, na hao wakishafika hawachagui kati ya panya na kifaranga. Bata wakubwa wakila na kunywa vizuri jioni, wanaweza kukaa usiku bila chakula wala maji. Vifaranga wadogo wao wanahitaji vyote. Sumu ya panya hatuipendekezi hata kidogo: panya aliyelewa sumu huliwa na bundi, mbwa au bata mwenyewe.

Mchana adui mkubwa wa vifaranga yuko juu. Funika uwanja wao kwa wavu, au vuta nyuzi za kuvulia samaki kutoka ukingo hadi ukingo, zikiachana sentimita 30. Ndege mkubwa hapendi kushuka mahali asipoweza kufungua mabawa. Vichaka vifupi na meza kuukuu huwapa mahali pa kukimbilia. Sanamu ya bundi huzoeleka baada ya siku chache, usiitumainie. Mwewe mwenyewe hulindwa na sheria katika nchi nyingi, kwa hiyo mzuie, usimuue.

Jike anayelalia vichakani yuko hatarini kuliko wote: siku 28 mahali pamoja, au 35 akiwa Muscovy, ile aina ya bata wenye vinundu vyekundu usoni. Ukimhamisha ghafla anaweza kuyasusa mayai. Ni afadhali umjengee pale pale tundu la wavu lenye paa, la mita moja kila upande, na wavu wa kulaza chini kuzunguka.

Kuna adui mmoja anayepindua kanuni zote: siafu. Msafara wao ukiingia usiku, banda lililofungwa vizuri linakuwa mtego, na vifaranga hufa mle ndani. Ukisikia kelele zisizo za kawaida usiku wa mvua, toka na tochi umulike ardhi kwanza. Wakiwa ni siafu, fungua mlango, toa bata wote, wapeleke mbali, na usiwarudishe mpaka msafara upite.

Bata aliyenusurika kwenye meno achunguzwe kwa kupanua manyoya kwa vidole, kwa kuwa jeraha la mbwa huwa tundu dogo juu na mpasuko mkubwa chini ya ngozi. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita. Mweke peke yake mahali pakavu, tulivu, pasipo nzi, na asiogelee mpaka kidonda kikauke. Akiacha kula kwa siku nzima, au kidonda kikianza kunuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.